Picha Zisizocheka

Shuleni, 6 Februari

Kitinda wetu,

Salamu kutoka huku kwa watu wasio na waya. Sisi wazima. Wifi yako kainama kwenye cherehani, anashona sare za shule, mguu hautulii. Juzi darasa la saba waliniuliza kama shule yetu itapata waifai. Nikawaambia wifi tuliye naye huku ni mmoja tu, wa dada yangu, anashona nguo, na ukimchezea anauma. Kumbe alikuwa dirishani analeta sare. Siku hiyo chai niliipika mwenyewe.

Sasa shida yangu. Mwenzetu mmoja kahamishwa na madarasa yake nimetupiwa mimi. Nina sayansi ya darasa la saba, hisabati ya la tano, na kusoma kwa la tatu. Vitabu vyenyewe ni vya kugombania, watoto watano wanachungulia kimoja kama wanachungulia kisima. Wewe unashinda kwenye maktaba ya chuo cha ualimu, kompyuta mbele yako. Nitafutie mtandaoni, uchape, unitumie na basi. La saba wanataka umeme: balbu zinavyounganishwa kwa mfululizo na kwa sambamba. La tano ni sehemu, wameziogopa kama nyoka. La tatu nipe hadithi fupi, zenye maneno ambayo mtoto anaweza kuyashika bila kuteguka ulimi.

Ila tafadhali, usiniletee kitu cha kwanza unachokutana nacho. Soma kwanza. Wewe ndiye ungo wangu.

Mwambie Mama Jumapili nitapanda kilima cha tangi la maji, nimpigie.

Kaka yako,
Mwalimu


Mjini, 19 Februari

Kaka Mwalimu,

Ungo wako umechoka. Mtandao ni kama soko la mitumba, Kaka. Koti zuri lipo, lakini mpaka uinamie rundo ufukue, na ukilipata unakuta halina kifungo. Tovuti moja imeandika "bure" kwa herufi kubwa. Nikabonyeza, nikabonyeza tena, mwishoni wanataka namba ya kadi ya benki. Nyingine inasema "darasa la tatu", nikafungua hadithi ndefu kama mahubiri. Somo la sehemu zuri kuliko yote linatumia pitsa. Nimekuwekea hivyohivyo, utajua mwenyewe pa kuichinjia.

Umeme nimepata kwa mwalimu mmoja asiyejulikana, ameuchora kwa mkono, akapiga picha, akaweka. Hana mbwembwe. Nilipoisoma nilikusikia wewe.

Mama hajambo, ila presha yake haijatulia. Daktari ametuonya asishtuliwe. Jumapili anakaa na simu mapajani tangu asubuhi. Anasema hata ikikatika, akisikia "Mama" tu inamtosha.

Mdogo wako,
Kitinda


Shuleni, 3 Machi

Kitinda,

Ungekuwepo! Tulikusanya balbu za tochi mbovu na nyaya za redio iliyokufa. Tulipochomoa balbu moja kwenye mfululizo, zote zikazimika, na mtoto mmoja wa nyuma akasema kwa sauti, "Kama nyumbani kwetu Baba akinuna." Darasa zima lilianguka kwa kicheko. Sijawahi kufundisha umeme vizuri hivyo maishani mwangu.

Pitsa nimeigeuza tikitimaji. Na ile karatasi ya pili ina jibu moja lisilo sahihi. Watoto wa la tano ndio waliolikamata, wakalikagua mara tatu, na mimi nikawaambia kweli, hata mtandao unakosea. Walifurahi kama wamepewa likizo.

Kichwa kinanigonga siku hizi, nadhani miwani imechoka. Mwisho wa mwezi nataka mimea kwa la saba: jinsi jani linavyojipikia. Chagua yenye michoro safi.

Kaka yako,
Mwalimu


Mjini, 21 Aprili

Kaka,

Mimea nilituma zamani, hukujibu. Jumapili zimepita na simu haiiti. Mama ameanza kuniuliza kwa jicho, hasemi. Nikipiga naambiwa hupatikani. Hata kama umekasirika, andika kwamba umekasirika.

Kitinda


Shuleni, 2 Mei

Wifi yangu,

Habari za huko. Mimi ndiye naandika, usishangae mwandiko. Kaka yako alianguka na baiskeli, akaumia kiganja cha kulia. Si jambo kubwa. Simu nayo ilitumbukia majini. Yeye ananitajia, mimi naandika.

Anasema asante kwa mimea. Anasema sasa amepewa darasa la kwanza, kwa hiyo mtafutie za kuanza kusoma. Picha na jina lake chini, herufi kubwa. Na za sauti, a, e, i, o, u, zinazoonyesha mdomo unavyokaa. Kama zipo zinazoonyesha mdomo, hizo ndizo za kwanza.

Mpe pole Mama.

Wifi yako,
Fundi


Mjini, 15 Mei

Kaka na Wifi,

Pole ya kiganja. Lakini Kaka, kutoka la saba mpaka la kwanza? Umemfanya nini Mwalimu Mkuu? Unashushwa ngazi kama utingo wa lori aliyelala!

Za darasa la kwanza zimejaa tele mtandaoni, nilikuwa nakataa tu. Nimechagua zenye rangi, watoto wanazipenda. Za midomo nimepata, mwalimu anafungua kinywa mpaka unaona koo.

Mama anaomba uandike mstari mmoja, hata kwa mkono wa kushoto. Tutacheka, lakini tutasoma.

Kitinda


Shuleni, 1 Juni

Wifi,

Karatasi zimefika. Za midomo zinafaa. Za picha hazifai. Bata amevaa kofia, mpira una macho, jua linacheka. Anazitupa.

Tafuta picha za vitu vya kawaida, visivyocheka. Kikombe, wembe, kiatu, redio, mlango, kitanda. Na picha ya mtu mzima anayeumwa, anashika mahali panapouma. Na ya choo.

Mkono bado.

Fundi


Mjini, 12 Juni

Wifi,

Barua hii ni yako, si ya Kaka.

Namjua kaka yangu. Hawezi kuandikisha barua nzima bila kumchokoza mtu. Tangu Aprili sijasikia "Kitinda" hata mara moja. Barua zako zinasema tafuta, leta, hazifai. Darasa la kwanza la wapi linalofundishwa wembe na choo? Na kiganja gani hiki kisichopona miezi?

Watu wengi siku hizi wanafungua chekechea kwenye baraza za nyumba zao. Kama ndicho unachofanya, si dhambi, lakini sema kwa jina lako. Usinitume kwa jina la kaka yangu huku mwenyewe sijui yuko wapi, amekasirika au ameondoka. Mama anakonda kwa kumsubiri.

Aandike mstari mmoja kwa mkono wake. La sivyo nakuja.

Kitinda


Shuleni, 20 Juni

Wifi,

Sikufungua chekechea. Nina mwanafunzi mmoja, naye ni mume wangu.

Ilikuwa mwisho wa Machi. Alikuwa anachora jani ubaoni, lile la karatasi zako. Chaki ikamtoka. Akainama kuiokota, akaendelea kuinama. Watoto walicheka, Wifi, kwa sababu wamezoea vituko vyake. Walicheka mpaka alipolala chini. Mwalimu Mkuu ndiye aliyembeba na kumtafutia gari. Hospitali wakasema kiharusi. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vimelegea. Akili ipo, wanasema, na mimi naona ipo, anaelewa karibu kila kitu. Maneno ndiyo yamefungiwa ndani.

Neno moja tu ndilo lilibaki nje: "kesho". Nikimuuliza njaa, kesho. Unaumwa, kesho. Nikimwita kwa jina, ananitazama, machozi yanamtoka, anasema kesho, kesho, kesho. Mwenyewe anasikia kwamba silo analolitaka. Hapo ndipo panapomuumiza.

Muuguzi alituruhusu turudi nyumbani, akasema tumfundishe kama anavyofundishwa mtoto, sauti na picha, kidogo kila siku. Basi asubuhi, nikishamnyoa, tunaanza. Nilimwekea yule bata wa kofia. Aliitazama ile karatasi, akanitazama mimi. Halafu akaichana, kwa meno na mkono wa kushoto. Mtu aliyewafundisha watoto umeme, unamwonyesha bata amevaa kofia. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi mpaka aibu ikanipungua.

Kwa nini nilificha? Nilipomwambia namwandikia Kitinda, alinishika mkono akatikisa kichwa. Presha ya Mama aliijua. Hiyo ni sababu yake. Mimi nina yangu. Siku ya kuoana kwetu Baba Mdogo wenu alisema, nami nasikia, kwamba cherehani haitamfikisha Mwalimu popote. Nilijua mkisikia mtakuja, mtanitazama, halafu mtamchukua.

Sasa umejua.

Fundi


Mjini, 28 Juni

Wifi yangu,

Nilisoma barua yako maktabani, ikabidi nijifiche nyuma ya makabati ya magazeti. Nisamehe kwa maneno yangu. Ulimi hauna mfupa, na kalamu yangu pia.

Tangu siku ile natafuta. Nimeshangaa, Wifi. Ukitaka kumfundisha mtoto kusema "mpira", mtandao unakumwagia mpaka unazama. Ukitaka kumrudishia mtu mzima neno "mlango", kimya. Kwa lugha yetu sikupata kitu. Za lugha za nje zipo, lakini picha zao ni koleo la theluji na mashine ya kuoshea vyombo. Atasema nini na koleo la theluji?

Kwa hiyo nimeacha kutafuta, nimepiga picha mwenyewe. Kikombe ni cha Mama, cha bati, anakijua. Redio ni ile ya sebuleni. Wembe ni wa kinyozi wa jirani, aliniuliza nimeanza kazi ya polisi? Kitanda ni changu. Anayeshika tumbo akiumwa ni mimi, usicheke. Nimezichapa kubwa, jina chini, na nyuma ya kila moja nimeandika swali la kumuuliza.

Mama hajui. Nimemwambia kiganja kilitiwa plasta.

Lakini Wifi, kuna jambo. Hospitali kubwa ya hapa ina mtaalamu wa kurudisha usemi, anaona wagonjwa kila wiki. Lifikirie hilo. Nimeongea na Baba Mdogo. Tunataka kuja.

Kitinda


Shuleni, 9 Julai

Wifi,

Picha zako zinafanya kazi. Ya kikombe cha Mama aliishika muda mrefu, akaipapasa kama kikombe cha kweli. Kesho yake, tulipoirudia, akasema, "Maji." Si kikombe, lakini maji yanakaa kwenye kikombe, amefikaje huko kama hajafikiri? Na juzi upepo ulipovuma alisema, "Funga." Nilikimbia kuufunga mlango kama nimeamriwa na mfalme.

Mimi ananiita "Mwalimu". Jina langu haliji. Nikimwambia mwalimu ni wewe, anacheka upande mmoja, ananinyooshea kidole, "Mwalimu." Nimekubali.

Usije kumchukua. Njoo umwone, ulale, ule, uondoke. Mwalimu Mkuu ametuachia nyumba ya shule mpaka mwalimu mpya aletwe. Yeye mwenyewe anabeba madarasa ya kaka yako juu ya yake. Niachieni mpaka muhula ufungwe. Hapa kila kitu anakijua: mlango, mti, sauti za watoto wakikariri. Akisikia kengele ananyoosha shati. Huko mtaalamu atamwona mara moja kwa wiki. Mimi namwona tangu anapofumbua macho.

Naomba, Wifi. Sijawahi kukuomba kitu.

Fundi


Shuleni, 30 Julai

Wifi,

Natumaini mlifika salama, na gari halikumtingisha sana mume wangu.

Sitarudia tuliyosema mbele ya Baba Mdogo. Alisema nyumba yenu ni vyumba viwili, mimi hakuna pa kunilaza, na mgonjwa hapaswi kubishaniwa kama mbuzi. Wewe ulinyamaza. Basi nami nikanyamaza. Nilimvalisha shati la bluu kwa sababu ndilo analoweza kulifunga vifungo mwenyewe. Msimfungie, hata akichelewa.

Alipokuwa garini alikuwa ananitazama akinisubiri niingie. Baba Mdogo alipofunga mlango ndipo alipoelewa. Hamkuona, mlikuwa mbele. Aligeuka, akaniangalia kwa kile kioo cha nyuma, na halikuwa jicho la kuagana. Anadhani nimemtoa nyumbani.

Mwambie sikumtoa. Mwambie polepole, ukikaa upande wake wa kushoto, redio ikiwa imezimwa. Masomo ni asubuhi, baada ya kunyolewa. Akichoka atakunja uso, muache hapo.

Fundi


Mjini, 18 Agosti

Wifi yangu mpenzi,

Nimechelewesha barua hii nikitumaini nitakuwa na habari nzuri ya kuiandika. Sina.

Hasemi. Si maji, si funga, hata kesho hasemi. Mtaalamu ni mama mpole, ana picha nzuri kuliko zangu, ana kompyuta inayotamka neno ukiligusa. Kaka anaitazama ile kompyuta kama mtu anayetazama mvua. Mtaalamu ameniuliza, "Nyumbani alikuwa akisema na nani?" Nikamtaja wewe. Akauliza, "Sasa yeye yuko wapi?"

Nilimwambia kwamba hukumtoa. Nilikaa kushoto, nilizima redio, nilisema polepole. Alifumba macho.

Na Mama, tuliyemficha miezi yote hii tukiogopa ataanguka! Alipoingizwa ndani Mama alimtazama kuanzia juu mpaka chini, akasema, "Mleteeni mto, shingo inamuuma." Basi. Ndiye anayemlisha sasa. Siku ya pili ndipo aliponiuliza, "Mkewe mmemwacha kwa nani?" Nilipomweleza alinigeuzia mgongo, akaendelea kumlisha Kaka. Baba Mdogo alipokuja kesho yake alikaribishwa mlangoni, kiti hakupewa.

Mimi nimehamia sebuleni, nalala kwenye kochi. Chumba kipo. Kilikuwepo hata siku ile, kama ningefungua mdomo.

Njoo.

Kitinda


Shuleni, 24 Agosti

Wifi,

Nitapanda basi la Jumamosi. Mwalimu mpya amefika, kijana, ana sanduku moja na woga mwingi. Nimemwachia karatasi zote ulizomtumia kaka yako, za umeme, za tikitimaji, za mimea. Aliuliza kama anaweza kukuandikia akikwama. Nikamwambia ajaribu, mradi asome kwanza mwenyewe.

Nakuja na cherehani. Msinipokee stendi.

Fundi


Mjini, 2 Oktoba

Kwa Mwalimu Mkuu,

Shikamoo Mwalimu. Asante kwa barua yako ya kutuulizia hali. Na asante kwa kumbeba kaka yangu siku ile; wifi ametusimulia yote.

Umeuliza kama atarudi darasani. Hatarudi, Mwalimu. Mtaalamu ametuambia wazi. Mguu umepata nguvu kidogo, anafika mlangoni kwa fimbo. Mkono bado. Usemi hakuna anayetuahidi.

Lakini umeuliza pia, "Alifurahi alipomwona mkewe?" Nilitamani nikuandikie ndiyo. Wifi aliingia na vumbi la safari, akapiga magoti mbele yake. Kaka alimtazama. Halafu akageukia ukutani, kitanda kikalia. Mama alitaka kumkemea, wifi akasema, "Mwache, ana haki yake."

Tangu siku hiyo kila asubuhi anamnyoa, naye anakubali kunyolewa, macho yakiwa kwenye dari. Wifi anatoa zile picha, anamwonyesha moja moja, anataja, anasubiri, anataja tena. Kaka anautazama ukuta. Akimaliza anazipanga, anasema, "Asante kwa leo," anakwenda kushona barazani. Wateja ameshapata, mtaa huu hauna fundi. Analala kwenye mkeka kando ya kitanda cha Kaka. Nikimwambia apumzike walau siku moja ananijibu kwamba shule haifungwi kwa sababu mwanafunzi amenuna.

Maktabani ninaendelea kumtafutia mwalimu wako mpya mambo ya la tano na la saba. Aandike bila haya. Aseme darasa, aseme somo, na aseme watoto wana nini mikononi, mawe, vifuniko, chochote, ili nisimletee vya watu wengine.

Sina habari nyingine kubwa. Ila jana asubuhi nilipita na chai, mlango ulikuwa wazi. Wifi alikuwa amesimama na picha zake, anatafuta kiti. Mama alikuwa amekitoa nje kuanikia nguo. Kaka alikuwa amegeukia ukutani kama kawaida. Hakugeuka. Lakini niliiona miguu yake, ule mzima ukiusukuma ule mlegevu, polepole, mpaka pembeni ya kitanda ikapatikana nafasi. Wifi aliitazama ile nafasi. Kisha akakaa.

Wako mtiifu,
Mdogo wa Mwalimu